Babu wa Jiwe Katoweka

“Mwambie afungue begi,” alisema Inspekta Nhem Kolab.

Kimsan, kiongozi wa msafara wa baiskeli, alimgeukia Mholanzi akamwaga Kiingereza kirefu chenye tabasamu nyingi. Mholanzi, Bwana Gerrit, akajibu kwa kirefu zaidi. Kimsan akarudi kwa Inspekta.

“Anasema amefurahi sana kufika Kambodia.”

“Sikumuuliza furaha yake. Begi!”

Lilikuwa moja ya yale mabegi mawili yanayoning'inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma. La kushoto lilikuwa jepesi. La kulia lilikuwa limeivuta keria ya baiskeli mpaka ikapinda, na kila Kolab alipolitazama, Bwana Gerrit alisogea kulikinga kwa goti. Koplo Vannak tayari alikuwa ameshatoa mfuko wa ushahidi, mdogo kiasi kwamba hata embe lisingeingia.

Zipu ikafunguliwa. Taulo likatoka. Ndani ya taulo, kitu cha jiwe, cha mviringo, kizito. Koplo akavuta pumzi. Kolab akafunua.

Kinu. Kinu cha jiwe cha kutwangia pilipili, na mchi wake.

“Alinunua barabarani, siku ile tuliyokwenda hekalu la Beng Mealea,” Kimsan alieleza kwa aibu. “Ni zawadi ya binti yake.”

“Siku nne za vumbi anapiga pedali na kinu?”

“Anasema vya kwao havina roho.”

“Na kulikinga kwa goti je, alikuwa anaficha nini?”

Kimsan akauliza. Jibu lilikuja kwa sauti ya chini. “Mkewe alimkataza asinunue.”

Bibi Hanneke, mkewe, alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yao na amesikia kila kitu. Kolab akawaachia ugomvi wao. Alikuwa amechoka, amelowa jasho, na alichokipata asubuhi yote kilikuwa kinu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana jioni wageni wanane, wanaozunguka mahekalu ya kale kwa baiskeli, waliingia kijiji cha Khnar Pong wakapiga mahema ndani ya ua wa hekalu. Leo alfajiri mlinzi, Mao Sarin, akaja kufagia, akakuta kiti cha mzimu wa kijiji kitupu. Kile kichwa cha jiwe ambacho watu wote hukiita Babu, ambacho hapa hakuna anayeoa wala anayenunua pikipiki bila kukiaga, hakipo. Sarin akapiga yowe. Watu wakaja mbio. Na kwa kuwa zamani, wakati wa vita, Sarin aliwahi kuwachimbia wezi wa sanamu, hawakujisumbua kutafuta mwizi. Walimfunga mpiga yowe.

Kanali, mkubwa wake wa kazi, naye alikuwa amepiga simu. “Gari la mkoa linafika hapo saa sita, Kolab. Ukiwa na kichwa, mlinzi anabaki. Ukikosa, anapanda.”

Kupanda ni rahisi, kushuka ndiyo kazi. Mlinzi wa mwisho kupandishwa gari lile alikaa rumande mpaka mkewe akaolewa na mtu mwingine, na sanamu yenyewe ikaja kuonekana imeangukia nyuma ya ukuta. Kolab ndiye aliyeiona. Hakuna aliyemwomba msamaha yule mtu, na Kanali alipandishwa cheo.

Sarin alikuwa juani, ameegemea kibanda cha tiketi. Kamba ya wanakijiji Kolab alishaikata akamtia pingu, maana kamba ilikuwa inamkata ngozi.

“Jana uliondoka lini?”

“Jua lilipozama, dada. Wageni walikuwa wanapika.”

“Babu alikuwepo?”

“Nilimuaga.”

“Leo ukaja mapema kuliko kawaida. Kwa nini?”

“Wageni wakiamka hukojoa popote. Nilitaka kuwaonyesha choo.”

“Wanasema mwizi mjanja ndiye hupiga yowe la kwanza.”

“Wanasema mengi. Hapa akipotea kuku wananiangalia mimi. Kuku akirudi, wanasema nimeshindwa kumchinja.”

“Kuchimba ulichimba?”

“Nilichimba. Bunduki ilikuwa mgongoni mwangu, na haikuwa yangu. Kila mtu hapa anajua ilikuwa ya nani. Lakini mwenye bunduki yuko mjini, ana hoteli, wanamwita Mheshimiwa. Mwenye jembe ndiye aliyebaki kijijini.”

Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema jinsi mtu anavyoeleza njia ya kwenda sokoni, na hilo ndilo lililomuudhi Kolab zaidi.

“Simama. Jua hili litakuua kabla ya hakimu. Twende kivulini.”

Njia fupi ilikuwa katikati ya ua, chini ya kamba ya nguo za wageni. Wao wakazunguka nyuma ya ukuta, penye miiba, mkono wa shati la Kolab ukachanika. Akailaani miiba, akamlaani Kanali, akamkalisha Sarin chini ya mti.

“Afande! Afande nimempata!”

Koplo Vannak alikuwa amelipindua beseni la kuoshea vyombo juu ya vumbi na amesimama kulilinda. Akalifunua kwa heshima zote. Chini yake palikuwa na alama ya tairi la pikipiki, na pembeni alama mbili za tela, zimezama.

“Mzigo mzito, afande. Kilo nyingi. Kaingia, kapakia, kaondoka.”

Kolab akazifuata zile alama mpaka nje ya lango, zikavuka mfereji, zikapita shamba la mihogo, na Koplo nyuma ya Inspekta akikadiria kwa sauti umbali wa kwenda mpakani. Alama zikaingia uani kwa Bi Chrep, muuza barafu, zikaishia chini ya tela lake.

“Jana usiku ulifika hekaluni?”

“Nilifika.”

“Ulibeba nini?”

“Barafu.” Bi Chrep alimtazama Koplo, akamtazama Inspekta. “Wageni walikunywa bia baridi. Nyinyi mlidhani inapoozwa kwa sala?”

“Alama za kuondoka zimezama pia,” alisema Koplo, asiyekubali kushindwa.

“Nilimrudisha mume wangu. Alikunywa nao. Muamshe umpime.”

Wakarudi hekaluni. Saa tano ilikuwa imepita. Kolab alikuwa na kinu, alikuwa na mume mlevi, na alikuwa na mtu mmoja kivulini ambaye kila alipomtazama alimkuta ametulia. Laiti angelia kidogo, kazi ingekuwa nyepesi. Mwizi hulia. Ukimsingizia mtu asiye na kosa aliyezoea kusingiziwa, hukaa tu.

Akaenda kusimama mbele ya kiti cha Babu, kipande cha jiwe jekundu chenye matundu, karibu na kona ya ukuta.

“Tuchukue alama za vidole, afande?” aliuliza Koplo.

“Za nani? Kijiji kizima kimemshika Babu tangu kizaliwe. Kimsan! Kuna mgeni aliyepiga picha hapa jana?”

“Wote, Inspekta. Hawa hupiga picha hata wali.”

Bibi Hanneke akaja na simu yake. Alitoka kwenye hema lake upande wa pili, akakata ua moja kwa moja, akapita chini ya kamba ya nguo, nguo moja ikamgusa kichwani, akacheka, akafika. Kimsan, aliyekwenda kumwita na kutoka naye hemani, akazunguka nyuma ya ukuta, akafika baadaye akijitoa miiba.

Picha ilikuwa ya jioni. Babu yuko juu ya kiti chake, kafungwa kitambaa chekundu. Mbele yake kopo la ubani, kikombe cha maji, kichane cha ndizi. Kolab akaitazama picha, akatazama kiti.

“Vannak. Kopo liko wapi?”

“Mwizi kachukua.”

“Kikombe?”

“Kachukua.”

“Na ndizi?”

Koplo akafikiri. “Labda alikuwa na njaa.”

“Mwizi ana jiwe zito mikononi. Anakimbia. Akikamatwa ni jela. Halafu anasimama, anachukua kikombe cha maji, anakibeba bila kumwaga, angalia vumbi lilivyo kavu, na mkono mwingine anabeba ndizi. Ana mikono mingapi?”

“Basi walikuwa wawili.”

“Alikuwa mmoja, na alikuja mara mbili. Mwizi habebi mzimu pamoja na chakula chake, Vannak. Babu hakuibiwa. Babu kahamishwa nyumba.”

“Na nani? Kwa nini?”

Kolab alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa anautazama mkono wa shati lake uliochanika. Halafu akamtazama Kimsan, aliyekuwa bado anachomoa miiba. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu afike, akainua macho.

Kamba ilianzia kwenye mti, ikakatiza ua, ikaishia kwenye kona ya ukuta. Juu yake zilianikwa bukta nane za kuendeshea baiskeli, nyeusi, za kubana, zimeshonewa godoro kwenye makalio. Nne zilikuwa za wanawake. Ya mwisho, yenye maua ubavuni, ilining'inia sawasawa juu ya kiti cha Babu.

“Jamani,” alisema Inspekta Kolab.

Hakuna mtoto wa Kikhmer asiyejua. Chini ya nguo ya ndani ya mtu hupiti, ya mwanamke ndiyo kabisa. Ukipita, hirizi zinakufa, na chale ulizochanjwa zinabaki michoro. Kolab alilelewa hivyo, na asubuhi nzima miguu yake ilikuwa imeizunguka ile kamba bila kumuuliza. Alipita kwenye miiba mara tatu, akachana shati la serikali, na hakujiuliza hata mara moja anakwepa nini. Alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka.

“Nani alifunga kamba hii?”

“Mwenyekiti wa kijiji,” alisema Kimsan. “Mzee Yoeun mwenyewe. Wageni waliomba mahali pa kuanika, akaleta kamba ya kwake, akaifunga. Alikuwa mkarimu sana.”

“Alikuwepo walipoanika?”

“Hapana. Alishakwenda kula.”

Mwenyekiti Yoeun alikuwa amelala kwenye bembea ya kamba chini ya nyumba yake ya nguzo. Macho ameyafumba, lakini mguu mmoja ulikuwa unatikisika. Mkewe, Bi Sokhom, alikuwa pembeni anamenya vitunguu saumu.

“Mzee,” alisema Kolab, “ghala lako la mpunga linanuka ubani.”

“Tunafukizia panya, mwanangu.”

“Panya wa kijiji hiki wana dini.”

Bi Sokhom akaweka kisu chini. “Nenda ukaangalie, Inspekta. Mimi nimechoka kupika karibu yake.”

Ghalani, juu ya mto wa kulalia, Babu alikuwa amekaa na kitambaa chake chekundu, kopo lake la ubani, kikombe chake na ndizi zake. Mtu alikuwa amemwongezea na sigara. Kolab akashuka ngazi polepole ili asije akapiga kelele.

“Sema, Mzee.”

“Nilifunga kamba mimi mwenyewe,” alisema Mwenyekiti. “Walisema kuanika. Nikadhani mashati. Kabla ya alfajiri nikaenda kuona wageni wamelalaje, nikainua tochi, nikaona.”

“Ukaona nini?”

“Usinitajishe, mwanangu. Mke wangu yupo.”

“Sema bukta, mume wangu,” alisema Bi Sokhom. “Haziumi.”

“Kwa nini hukuzishusha?”

Mzee akakunja mkono wa shati. Chale za kinga, maandiko ya buluu, zilipanda kutoka kwenye kiganja mpaka begani. “Kwa mkono huu?”

“Kimsan je? Hukuweza kumwamsha?”

“Nimwambie nini? Kwamba nguo ya mke wa mtu imemkalia Babu usoni? Mimi, Mwenyekiti, kwa wageni niliowakaribisha kwa mdomo wangu? Nikamwomba Babu radhi, nikambeba. Nikasema wakishaondoka namrudisha, hajui mtu. Sarin akawahi.”

“Alipopiga yowe ulikuwepo?”

“Nilikuwepo.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilifungua mdomo. Mtu akasema ni Sarin. Wote wakasema ni Sarin. Mdomo ukajifunga.”

“Ile kamba waliyomfungia, ilitoka wapi?”

Mzee akaangalia nguzo za nyumba. Bi Sokhom ndiye aliyejibu. “Kipande kilichobaki cha kuanikia.”

Kolab alimtazama yule mzee, mtu mwema, aliyewapa wageni kamba yake na maji yake, na akatamani kumtia pingu yeye na bembea yake. “Mficha uchi hazai, Mzee. Wewe umeficha bukta, mwenzako anakwenda jela.”

Simu ikalia. Gari la mkoa lilikuwa limeshaiacha lami.

“Mwanangu,” Mwenyekiti alisema haraka, “niruhusu niseme Babu karudi mwenyewe. Niseme tumemkuta chini ya mti. Watu wataamini. Sarin atafunguliwa, na mimi nitabaki na uso wangu. Nani ataumia?”

Kolab alijua kwamba alipaswa kukataa. Lakini saa sita ni saa sita, na aliyekuwa chini ya mti ni mtu mzima aliyefungwa mikono. “Semeni mnavyotaka,” alisema. “Mbebeni. Haraka.”

Bukta zikaanuliwa na Bwana Gerrit, Kolab akamsimamia mpaka ya mwisho. Babu akarudishwa kwenye kiti. Kijiji kikajaa uani. Mwenyekiti akapanda juu ya jiwe, akasema Babu ameonekana, alikwenda na amerudi, hana kinyongo na mtu. Akinamama wakashusha pumzi, wakapiga magoti, ubani ukawashwa.

“Sarin, umeona!” akasema bibi mmoja. “Babu kakusamehe. Usirudie tena.”

“Ashukuru,” akasema mwingine. “Wengine hutapika damu.”

Kolab akainama na ufunguo. Sarin akavuta mikono yake kifuani.

“Lete mikono.”

“Hapana, dada.”

“Kichwa kimepatikana! Uko huru!”

“Nimesikia. Nimesamehewa.” Alisimama, akajipangusa vumbi magotini. “Anayesamehewa ni aliyeiba. Mimi niliiba nini?”

Gari likaingia langoni, pikapu nyeupe yenye vumbi mpaka madirishani, na sajini akatoa kichwa nje. “Nani anapanda?”

“Mimi,” alisema Sarin.

“Hapandi mtu!” Kolab alipaza sauti, kisha akamsogelea Sarin, akamnong'oneza kwa hasira zote alizozikusanya tangu asubuhi. “Una wazimu? Unakujua huko? Utaoza! Watakusahau!”

“Huko watanihoji, dada. Hapa wameshanisamehe.”

Akapita katikati ya watu. Wakampisha. Akapanda nyuma ya pikapu, akakaa juu ya tairi la akiba, akatazama mbele. Kolab akafungua mdomo kuwaambia wote, wanakijiji na wageni na Babu mwenyewe, bukta kwa bukta.

“Wa kusema si wewe,” Sarin alisema bila kugeuka. “Wewe unarudi mjini, Siem Reap. Mimi ninaishi hapa.”

Sajini akatazama saa yake. “Inspekta, mshukiwa ni huyu au si huyu?”

Kolab akageuka. Alimtazama Mwenyekiti Yoeun. Hakumtisha, hakumwashiria. Alimtazama tu, na hakuondoa macho. Injini ikanguruma. Bi Sokhom akamsukuma mumewe mgongoni kwa kiganja kimoja, kidogo, jinsi anavyosukumwa mtoto anayeogopa maji.

Mzee akashuka kwenye jiwe. Akatembea mpaka kwenye pikapu, akashika ubavu wake ili asianguke.

“Nilimchukua mimi,” alisema.

“Sauti, Mzee,” alisema sajini.

“Nilimchukua mimi! Babu alikuwa kwangu, ghalani. Niliona aibu ya nguo za wageni nikamficha. Mlipomfunga mtu nikaona aibu ya kusema. Kamba niliwapa mimi. Sarin hajagusa kitu.”

Akinamama wakasahau ubani mikononi. Yule bibi wa msamaha akatazama chini. Wageni, ambao hawakuelewa neno, wakashusha simu zao.

Sarin hakusogea kwenye tairi. “Akina Sarin ni wengi hapa, Mwenyekiti,” alisema.

Mzee akaachia ubavu wa gari, akasimama wima. Alipoanza tena, sauti yake ilifika mpaka kwenye ukuta wa nyuma.

“Mao Sarin, mtoto wa Mao Thol. Mlinzi wa hekalu hili. Si mwizi. Na hakuna aliyemsamehe, kwa sababu hakukosa.”

Sarin akakaa kidogo, kama anayehakikisha wote wamesikia. Kisha akageuka, akainyoosha mikono yake nje ya gari, kuelekea kwa Kolab.

“Haya, dada,” alisema. Kolab akautia ufunguo kwenye pingu.